Nusu ya Penyenye

Naijua sura ya mtu aliyebeba simu ya marehemu. Mwenye simu yake mwenyewe huja kibandani akiwa ameshakasirika, anaanza kulalamika kabla ya salamu: chaji haikai, kioo kimeingia ukungu, na nyie mafundi wa Mtaa wa Aggrey ni wezi. Mwenye simu ya marehemu huja taratibu. Husimama pembeni mpaka wateja wapungue, na simu ameifunga kwenye leso utadhani itapata mafua.

Yule mama alisimama hivyo Jumatatu asubuhi, mtoto mchanga amemfunga kifuani kwa kanga. Nilimaliza simu niliyokuwa nayo mkononi, nikamvutia stuli.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Marahaba mwanangu." Akanitazama vizuri. "Wewe ndiye Sikudhani wa Penyenye?"

"Ndiye mimi."

"Kwenye simu unaonekana mnene."

"Kamera hiyo mama. Inanionea."

Akacheka kidogo, kisha akakumbuka kilichomleta na uso ukarudi ulivyokuwa. Alijitaja: Bi Hadiya, wa Mbagala. Amefiwa na binti yake wa pekee. Alhamisi ni arobaini.

"Pole sana mama."

"Nimeshapoa."

Mafundi wa mtaa huu tuna desturi yetu. Haijaandikwa popote, na sijamwona aliyeivunja akabaki na kibanda. Simu ya marehemu hufunguliwa asubuhi, juu ya kitambaa cheupe, mbele ya mashahidi wawili wa familia. Kabla ya kugusa chochote fundi anauliza: mnataka yote au mnataka mema? Wengi husema mema. Hapo fundi anaingia peke yake ndani ya simu, anaondoa matusi, ugomvi na mapenzi ya pembeni, halafu anawapa kilichobaki: sauti, picha, dua alizorekodi. Alichokiondoa anakufa nacho. Nina mzee mmoja wa Temeke kichwani mwangu, heshima zake zilijaa msikiti mzima, alikuwa na mke wa tatu ambaye hata yule mke wa pili wa siri hakumjua. Watoto wake wananiletea tende kila Ramadhani, na mimi nazila. Sharti ni moja tu: fundi anapunguza, haongezi.

"Mashahidi wawili, mama," nikamwambia nikitandika kitambaa.

"Mmoja mimi, wa pili huyu." Akafunua kanga kidogo nikaona shavu na ngumi. "Anaitwa Tunu. Mama yake hakuwahi kumwona. Jina nimempa mwenyewe, siku ya saba, maana binti yangu alikuwa hataki kabisa mtoto atajwe jina akiwa tumboni. Baba yake yuko Mtwara kwenye gesi, atafika Alhamisi asubuhi."

"Mungu amkuze," nikasema, na hapo hapo nilikuwa nimeshaacha kusikiliza, kwa sababu alikuwa anafungua leso.

Ndani ya leso mlikuwa na kasha la plastiki lenye maua ya zambarau, la kuficha. Ndani ya kasha, kitu cheupe, laini, kimeviringika pembeni, hakina tundu, hakina kitufe, hakina mstari wa kuonyesha mgongo unakutana wapi na kioo. Lulu Tisa. Dukani ilikuwa haijafika. Nchi nzima walikuwa nayo watu thelathini tu, wafanyakazi wa kuijaribu, walioapishwa wasiitoe mbele za watu. Kati ya hao thelathini nilimjua mmoja, na lile kasha la maua nilimnunulia mimi.

"Binti alikuwa anaitwa nani?" nikauliza, kama mjinga.

"Zulfa."

Nilijifanya natafuta miwani ya kukuzia. Bi Hadiya akaendelea kusimulia, anampapasa mtoto mgongoni.

"Kila jioni alikuwa anakaa barazani anaongea na hiyo simu. Anamrekodia mtoto. Anamsimulia alichokula, anamwimbia, anamgombeza kwa mateke. Miezi mitatu, hakuacha siku. Alisema, mama, akizaliwa tutakaa tumsikilizishe yote. Sasa mimi nataka hiyo sauti tu. Hata picha mkizikosa, sawa. Huyu asije akakua hajui mama yake alikuwa anaongeaje."

"Umewahi kujaribu kuifungua?"

"Mara moja." Akateremsha sauti. "Siku ya kumwosha."

Nikaiweka miwani mezani.

"Nilikusikia kwenye Penyenye Ijumaa ile, siku mbili kabla hajafariki. Ulisema Lulu Tisa haina namba ya siri, inafunguka kwa joto la kiganja cha mwenyewe. Likanikaa. Basi Jumatatu tunamwosha, maji ya uvuguvugu, naona mkono wake umepata moto kidogo. Nikasema moyoni, nafasi ndiyo hii, akishavikwa sanda nimemkosa. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa vitu vyake kutoka hospitali, bado ina ubaridi wa kule. Nikawaomba wenzangu wanisubiri. Nikamshikisha, nikaufunika mkono wake kwa mkono wangu. Ikawaka, mwanangu! Ikawaka kijani. Halafu ikazima. Nikajua mkono umeshapoa."

Alilisema hilo la mwisho kwa kujilaumu kidogo, kama mtu aliyechelewa kuepua chungu. Nilijua kile kijani ni nini, na nilijua kabla ya mtu yeyote katika mji huu ambaye hakuapishwa.

Hata hivyo ilibidi nihakikishe. Lulu Tisa haichomekwi kwenye umeme. Inajichaji kwa tofauti ya joto: upande mmoja kiganja, upande mwingine hewa, na hiyo tofauti ndiyo chakula chake. Waliibuni watu wanaoishi kwenye baridi. Hapa kwetu saa sita mchana hewa na kiganja ni ndugu wa tumbo moja, simu inashinda na njaa. Zulfa alikuwa akiichaji kwa kuilaza juu ya chupa ya soda. Nikatoa mfuko wa barafu kwenye jokofu langu dogo, nikaulaza chini ya kitambaa cheupe, nikaiweka simu juu, nikaifunika kwa kiganja.

Ikawaka. Maandishi madogo, meupe, ya adabu: *Karibu. Tuanze mwanzo. Wewe ni nani?*

"Imewaka!" Bi Hadiya alisimama na mtoto kifuani. "Alhamdulillahi! Nilijua. Nilisema nikimpelekea Sikudhani itawaka."

Miwani yake ilikuwa imebaki Mbagala. Aliona mwanga, hakuona maneno. Nikaondoa mkono, mwanga ukafa.

"Niachie mpaka Jumatano," nikasema.

"Hujaniuliza."

"Nini, mama?"

"Si huwa mnauliza? Yote au mema."

Ilibidi nimuulize. Akafikiri, akambusu mtoto kichwani.

"Mema tu, mwanangu. Mabaya sina pa kuyaweka."

*

Sasa niseme nilichokifanya.

Kila Ijumaa watu wakitoka kuswali nawasha kamera nasema habari za simu zinazokuja. Penyenye za Sikudhani. Watu wanaipenda penyenye ya simu kuliko simu yenyewe, kwa sababu penyenye haina mikwaruzo na haiishi chaji. Kwa mwaka mzima habari ilikuwa moja, Lulu Tisa. Kwamba wameondoa tundu la chaji. Kwamba vitufe vyote vimekwenda. Kwamba mwili wake unaokwa mzima mzima kama mkate, na ngozi yake ikikwaruzwa inajiziba yenyewe juani. Kwamba sauti inatoka kwenye kioo chenyewe. Watoa maoni walikuwa wanashangilia. Mimi nilikuwa nashangilia nao, na moyoni nasoma tanzia, maana Lulu Nane bado ina upenyo mwembamba pembeni, sisi tunauita sikio, unapulizia hewa ya moto pale, mgongo unainuka, unaingia. Tisa haina sikio. Ikishaenea, simu za marehemu zitakuwa mawe ya kuzikia.

Zulfa alikuja kwangu kwa hasira, si kwa umaarufu. Alikuwa mjaribu pale ofisi ya kampuni, na kuna kitu alikiona wakubwa zake wakamwambia anyamaze. Siku ya Alhamisi, tumbo limefika mwisho, akanitumia ujumbe wa sauti. Mambo matatu. Joto linaichaji. Mapigo ya moyo ndiyo yanaifungua. Na kiganja cha mwenyewe kikija na joto lakini hakina mapigo, simu inaamini mwenyewe ameuawa au amekatwa mkono, inafuta kila kitu papo hapo na haikirudishi. Kwa upande wa wezi ni jambo jema, sikatai. Kuna watu wamekatwa vidole mji huu kwa ajili ya Lulu Saba.

Zulfa alitaka hilo la tatu nilitangulize. Alinisihi.

Mimi nikalipima kwa kipimo cha mtu wa Penyenye. Niliona nina habari kubwa ya wiki hii na kubwa zaidi ya wiki ijayo, na mwenye akili hachinji kuku wawili siku moja. Nikitaja mapigo, watu wataniuliza yakikosekana inakuwaje, na siri yangu ya pili imeliwa. Kwa hiyo Ijumaa nikasema: inafunguka kwa joto la kiganja. Basi. Nilipomaliza nikakonyeza kamera, nikasema kuna jambo zito zaidi, tukutane wiki ijayo. Zulfa akaniandikia: *Dada mbona umeacha?* Nikamjibu: *Tulia wewe, wiki ijayo.* Na kikatuni cha kucheka.

Alifariki Jumapili jioni, uzazi. Mimi nilipata habari Jumatano, ameshazikwa. Nililia, hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Ijumaa nikawasha kamera nikatoa lile la tatu lote. Watazamaji waliongezeka maradufu. Kwenye nyumba ya msiba Mbagala hakuna aliyekuwa anatazama.

*

Jirani yangu wa kulia anaitwa Kisamo. Anatengeneza sauti. Maduka yote ya Kariakoo yanayokuita kwa kipaza, "karibu mteja, ingia ndani," ni yeye. Ukimpa nusu dakika ya mtu akiongea, mashine yake inajifunza namna anavyovuta pumzi, na kuanzia hapo mtu huyo atasema chochote utakachoandika.

Nilimwendea Jumanne mchana. Nilimwambia nusu, ndiyo tabia yangu. Marehemu, simu imejifuta, mama anataka sauti.

"Una kipande cha sauti yake?"

Nilikuwa na jumbe nne za Zulfa. Tatu za salamu na za kunitania, fupi fupi, hazifiki nusu dakika zikiungwa. Ya nne ni ile ya Alhamisi. Nikamsikilizisha.

Kisamo alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mapaja. Kisha akavua spika za masikioni.

"Dada Siku, hii si ni sauti yake halisi? Dakika nzima. Na mtoto amemtaja. Si umpe mama yake hii hii?"

"Hii haifai."

"Haifai kwa nani?"

Nikamsogezea mashine. Akaivuta karibu zaidi, maana Kisamo ni mtu wa kazi na mimi nilimsaidia alipofiwa na baba yake.

"Si mnasema fundi haongezi?"

"Kisamo, mama ameomba mema. Hakuna mema. Unataka nimpe nini?"

"Sijui. Mimi natengeneza matangazo." Akaweka vidole tayari. "Haya, aseme nini? Mtoto anaitwaje?"

"Tunu."

Nililisikia kwa masikio yangu haya, Jumatatu, juu ya stuli yangu, nani alimpa jina na siku gani. Niliambiwa na aliyetoa jina mwenyewe. Lakini mimi husikia kile ninachokihitaji, kingine nakiweka akiba. Tuliandika maneno mazuri. Tukaweka wimbo wa kubembeleza, tukaweka kicheko, Kisamo akaweka na mlio wa kunguru kwa mbali ili iwe barazani. Dakika nne. Nilipoisikiliza nywele zilinisimama, ilikuwa ni Zulfa kabisa, na nikajiambia kwamba kitu kinachofariji hakiwezi kuwa uovu mkubwa. Kisamo aliifuta kazi ile kwenye mashine, akafunga kibanda mapema.

*

Jumatano Bi Hadiya alikuja na miwani. Alikuwa amevaa vizuri, kanga mpya, na Tunu amepakwa wanja kwenye nyusi kama anakwenda kupigwa picha. Kitambaa cheupe kilikuwa mezani, barafu chini yake, Lulu Tisa juu, ili ionekane inahusika. Sauti yenyewe nilikuwa nimeiweka kwenye simu yangu. Nilimwambia nimeitoa kule nikaihamishia huku.

"Picha zimekosekana mama. Na nyingi za sauti zimeharibika. Nimepata hii moja."

"Moja inatosha."

Nikabonyeza. Kunguru wakalia kwa mbali. Zulfa akacheka, akajikohoza, akaanza kuimba.

Bi Hadiya alifumba macho. Alianza kuyumba na mtoto, taratibu, kwa mapigo ya wimbo. Machozi yalitoka bila yeye kujali, yakashuka mpaka kwenye kanga mpya. Akawa anatabasamu. Kwa muda ule mdogo nilikuwa fundi bora Kariakoo nzima, na nilifurahi. Naona aibu kusema nilifurahi.

"Tunu mwanangu," ikasema ile sauti, "mama yako anakupenda, Tunu, hata ukinipiga mateke."

Aliacha kuyumba. Akafumbua macho. Hakuniangalia mimi, aliiangalia simu.

"Rudisha nyuma."

"Mama..."

"Rudisha nyuma, nimesema."

Nikarudisha. *Tunu mwanangu, mama yako anakupenda, Tunu.* Nikaizima mwenyewe. Kipaza cha duka la jirani kiliendelea kukaribisha wateja.

"Zulfa alikuwa anamwita Mgeni," akasema Bi Hadiya. "Jina la Tunu Zulfa hajawahi kulisikia. Nimelitoa mimi, yeye yuko kaburini. Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Huyu anayeongea ni nani?"

Akaivuta Lulu Tisa kwake, akaitazama pande zote kutafuta pa kubonyeza, kisha akaifunika kwa kiganja kama alivyoniona mimi nikifanya. Barafu ilikuwa bado haijayeyuka yote. Ikawaka. Akaweka miwani sawa, akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama watu wa umri wake wanavyosoma.

"Karibu. Tuanze mwanzo. Wewe ni nani." Akainua uso. "Inaniuliza mimi ni nani."

"Imejifuta, mama."

"Lini?"

"Siku ile. Ile kijani."

Nilimwona akiielewa. Ilimchukua muda, na mimi nilikaa pale nikaitazama inavyomwingia. Aliutazama mkono wake wa kulia, ule aliomfunikia Zulfa, akaugeuza, akautazama tena.

"Kwa hiyo ni mimi."

Ningenyamaza hapo, ingekuwa imekwisha. Angeinuka, angekwenda zake, angejichukia mpaka kufa kwake, na mimi Ijumaa ningewasha kamera. Nilikaribia sana kunyamaza. Sitaki mtu anisifu kwa kilichofuata, kwa sababu mdomo ulifunguka baada ya kunyamaza kwanza, na kunyamaza kule nako alikuona.

"Nilitaka mema," akasema. "Sasa nataka yote."

Nikatafuta ujumbe wa nne. Nikaiweka simu yangu katikati ya kitambaa, nikabonyeza.

*"Dada Siku, nasema haraka haraka maana Mgeni kanibana mbavu hapa, hata kupumua siwezi. We Mgeni, hebu niachie niongee na watu! Haya, sikiliza dada. Mambo matatu. Joto linaichaji. Mapigo ndiyo yanaifungua. La tatu, ikipata kiganja cha mwenyewe kina joto halafu hakina mapigo, inafuta kila kitu, hairudi tena. Nimewaambia wakubwa hapa, jamani, kwetu maiti huoshwa na watu wake, maji ya moto, mtu anashikwa mkono na mama yake. Wameniambia soko lenu dogo. Dada, hilo la tatu ndilo ulitangulize kesho. Usiliache, tafadhali. Watu watajifutia wenyewe kwa mikono yao. Haya, naenda, Mgeni ana njaa."*

Kisamo alikuwa amesimama mlangoni kwake. Akarudi ndani.

"Rudia," akasema Bi Hadiya.

Nikarudia. Mara ya tatu akabonyeza mwenyewe. Alipofika pale Zulfa anapomgombeza mtoto alitoa sauti ndogo, sijui ilikuwa kilio au kicheko. Pale pa mama na mkono alikaza meno.

"Alikutumia lini?"

"Alhamisi."

"Mimi nimemshikisha Jumatatu."

"Ndiyo mama."

"Siku nne ulikuwa nayo."

"Nilitaka kuisema wiki ya pili. Ili watu warudi."

Nilitegemea atanipiga. Nilitaka anipige. Alifunga kanga ya mtoto upya, akaisawazisha kifuani, akanisogezea simu yake, kikweche cha zamani chenye tundu zote na kitufe kilichofutika.

"Niwekee humu."

Na hapa ndipo nilipojijua vizuri. Nilishika ile simu, nikasema, "Mama, nikitaka naweza kukukatia pale anapomwita Mgeni tu, na pale mwisho. Iwe fupi, nzuri, ya mtoto. Hayo ya katikati ni mambo ya simu tu."

Bi Hadiya alinitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Usipunguze hata pumzi," akasema. "Hii ndiyo sauti ya mama yake aliyobaki nayo. Ataisikia ilivyo. Atakua nayo, ataniuliza huyo dada Siku ni nani, na mimi nitamwambia. Na kesho tukimaliza hitima tutaiweka watu wasikie. Na wewe uje. Ukae mbele."

"Nitakuja."

"Hilo jiwe lenu baki nalo."

Akaondoka polepole kama alivyokuja. Lulu Tisa ilibaki juu ya kitambaa kilicholowa, imezima.

Alhamisi sikufungua kibanda. Nilivaa baibui, nikaenda Mbagala, nikakaa upande wa wanawake, mkeka wa mbele. Hakuna aliyenitambua, kwa sababu kweli kamera hunionea. Hitima ilipoisha Bi Hadiya alisimama na kikweche chake. Alihitaji mikono miwili kukiongeza sauti, kwa hiyo akaniinamia, akanipa Tunu nimshike. Alikuwa mwepesi, ana moto, mapigo yake yanakwenda mbio dhidi ya kifua changu.

"Dada Siku, nasema haraka haraka," ikaanza.

Tunu akageuza kichwa, akaanza kuitafuta ile sauti.